Kaimu Amekataa Kuanza Kazi

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Utumishi na Utawala,
Shirika la Maji,
Jengo hili hili, ghorofa ya juu yangu.

YAH: MGOMO WA KAIMU, NA SABABU ZA KUMUUNGA MKONO

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta ofisini, maana zile nilizotangulia kukuandikia zote zilikukuta semina.

Nakuandikia nikiwa Kaimu Mkuu wa Masjala, na ninayemtetea ni Kaimu mwenzangu wa chumba cha pili, ambaye si mtu bali ni seva. Naomba tusichanganywe, ingawa ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba kuchanganywa ndiko kulikotufikisha hapa.

Kwa kuwa hujawahi kushuka chumba cha mitambo (na sikulaumu, ngazi zile zina utelezi), nieleze kwa kifupi. Shirika lina hifadhidata moja yenye majina ya wateja wote, mita zao na maji waliyotumia. Inakaa kwenye seva inayoitwa Mkuu. Juu ya Mkuu linapita bomba, na bomba hilo linavuja. Sisi watu wa maji, tunaokwenda kuziba mabomba ya mji mzima, hili letu tumeliwekea ndoo. Basi ikaamuliwa inunuliwe seva ya pili, ikae chumba kikavu, ili kila kinachoandikwa kwa Mkuu na yenyewe ikiandike vile vile papo hapo. Siku Mkuu akilowa, huyu wa pili anashika kazi na mteja hata hajui kama kulitokea jambo.

Utakumbuka kikao cha kuzipa majina. Kitabu cha maelekezo kilisema moja iitwe bwana na nyingine mtumwa. Chama cha wafanyakazi kilikataa, kikasema jina hilo litawakumbusha watu mambo. Likaja pendekezo la bwana na bibi, nalo likakataliwa na akina mama wa uhasibu, ambao waliuliza kwa nini bibi ndiye anayekopi. Wanaume wote wakawa wanatafuta kalamu chini ya meza. Ndipo wewe mwenyewe ukasimama ukasema, waitwe Mkuu na Kaimu, na ukumbi ukakupigia makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, bila kujua napigia makofi nini.

Tangu siku ile Kaimu hajafanya kazi hata chembe. Taa zake zinawaka, feni yake inazunguka, ukipita karibu unahisi joto lake. Lakini ukimwambia aanze kunakili, anaandika kwenye skrini kwamba ameshindwa kuanza. Na wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Dokezo lako la juzi linasema kwamba wakifika wakakuta Kaimu hajaanza kazi, basi Kaimu Mkuu wa Masjala atakaa pembeni na nafasi yake itatangazwa. Kukaa pembeni tunakujua. Ni kurudi kwenye lile dirisha la mapokezi nilikotoka, kupokea barua za watu na kuambiwa niharakishe.

Nafasi hii naitaka, Ndugu Mkurugenzi. Nasema wazi, maana hapa kazini mtu akitaka kitu huanza kwa kusema hakitaki. Naitaka sana. Nimeifanyia kazi mpaka macho yakaomba miwani. Kwa hiyo naomba unisikilize malalamiko yangu, ambayo kwa utaratibu nimeyapa namba.

1. Kwamba fundi wa kompyuta, yule ambaye jengo zima linamwita Zima-Washa kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa, alimzima Kaimu akamwasha, akamzima akamwasha, mpaka nikamwonea huruma. Sina ugomvi na fundi. Ni kijana mpole, amesoma, na hata simu yangu aliitibu kwa njia hiyo hiyo ikapona. Ninachosema ni kwamba hakuna mtumishi anayeweza kuzimwa na kuwashwa mara zote hizo bila kuulizwa kinachomsumbua, kisha akabaki na moyo wa kazi. Mimi mwenyewe mwaka jana niliondolewa ukaimu Ijumaa nikarudishiwa Jumatatu, na wiki ile sikuandika kitu cha maana.

2. Kwamba fundi alipochoka kuzima na kuwasha, aliniambia tatizo amelijua: mlango wa Kaimu umefungwa, habari za Mkuu haziwezi kupita. Mimi si mtaalamu, ila mlango naujua. Nikaagiza milango yote ya ghorofa yetu iachwe wazi, kuanzia wa chumba cha mitambo mpaka wa chumba cha Kaimu, tukaiwekea matofali isijifunge. Tulikaa hivyo siku nzima. Upepo ukapeperusha majalada, paka wa kantini akaja kulala juu ya mafaili ya wateja wasiolipa, na Kaimu hakuanza. Fundi aliporudi akauliza kulikoni. Nilipomweleza, alikaa chini akashika tama. Kumbe mlango aliousema uko ndani ya mashine, hauonekani wala hauna bawaba. Nauliza kwa heshima zote: kama shirika lina milango ambayo haionekani, kwa nini sisi watu wa masjala hatukuambiwa?

3. Kwamba mlango usioonekana ulipofunguliwa, skrini ilisema Kaimu hana ruhusa. Fundi akasema, "Mama, huyu anahitaji ruhusa tu, akipewa ataanza." Nikafanya ambavyo mtumishi yeyote mwenye adabu angefanya. Niliandika barua rasmi kwa ofisi yako kuomba ruhusa ya Kaimu. Majibu yalikuja haraka kuliko majibu yoyote niliyowahi kupata humu ndani. Yalisema Kaimu hawezi kupewa ruhusa kwa kuwa alishachukua ruhusa mwezi uliopita kwenda kumuuguza mama mkwe. Ndugu Mkurugenzi, aliyekwenda kumuuguza mama mkwe ni mimi. Seva haina mama mkwe. Na kwa kuwa niliomba ruhusa nyingine kabla ya wakati, nimeonywa kwa maandishi, na onyo liko kwenye jalada langu, nalitunza mimi mwenyewe kwa sababu ndimi mtunza majalada.

4. Lalamiko la nne lilihusu chai. Nimelifuta, nisionekane mtu wa mambo madogo.

5. Kwamba hatimaye fundi alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani alisoma maneno ya kwenye skrini mpaka mwisho badala ya kuishia mstari wa kwanza. Yalisema hivi: Mkuu na Kaimu wana namba moja ya kitambulisho, kazi haiwezi kuanza. Macho yakamtoka. Akaniambia Kaimu alitengenezwa kwa kunakili kila kitu kilichokuwa ndani ya Mkuu, ili kuokoa muda, na katika kunakili huko ikanakiliwa hata namba ya kitambulisho. Sasa Mkuu akituma habari, kwa mfano kwamba mita ya mama fulani imesomwa, Kaimu anatazama namba ya mtumaji, anaona ni yake, anasema, "Hii si nimeiandika mwenyewe? Ya nini niiandike tena?" Anakaa kimya. Wala si mvivu, kwa jinsi alivyolelewa anajua yeye ndiye Mkuu na kazi imeshafanyika.

Nilisimama pale kwenye mlango, ule unaoonekana, nikauegemea. Fundi akadhani ni joto, akaniletea maji. Haikuwa joto. Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu kunieleza maisha yangu ya kazi kwa Kiswahili fasaha, bila hata kujua ananizungumzia mimi.

6. Kwamba, na hapa ndipo kwenye kiini, mimi pia ni Kaimu niliyepewa namba ya Mkuu. Mkuu wangu ni yule mzee aliyestaafu, tuliyekuwa tukimwita Mzee Muhuri kwa kuwa aligonga muhuri kila karatasi, hata ile iliyofungiwa maandazi yake. Alipoondoka, nilikuja kwako kuomba namba ya kuingilia kwenye mfumo. Yangu ya dirishani ilikuwa imeshafungwa, kwa maelezo kwamba aliyepanda haruhusiwi kubaki na ya chini. Ukaniambia, "Tumia ya mzee kwa muda, mama, tutalishughulikia." Nikatumia. Bado natumia. Kila asubuhi naingia kwa jina lake na neno lake la siri, na kila ninachofanya kinaandikwa ni yeye amefanya. Majalada yote yaliyopotea niliyoyapata, ameyapata yeye. Ule mpangilio mpya wa mafaili ambao ulisifiwa na bodi, ameubuni yeye, akiwa kwake anamwagilia mchicha.

Utakumbuka sherehe ya Mfanyakazi Bora. Mfumo ulihesabu wenyewe, bila upendeleo, ukamtoa Mzee Muhuri. Alitumiwa gari. Alikuja amevaa suti, akashangaa kidogo, lakini mtu akipewa zawadi haulizi sana. Akatoa hotuba, akashukuru wasaidizi wake, akasema siri ya mafanikio ni kuwahi kazini. Akapewa saa ya ukutani. Kisha akaniomba nimshikie ile saa wakati anapigwa picha. Niliishika, Ndugu Mkurugenzi, nikatabasamu, na kwenye picha mkono wangu unaonekana pembeni. Niliporudi nyumbani nililia.

Mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache yanayouma. Aliniambia, "Wewe unashona suruali, lebo anawekewa mwingine." Nikamwambia aache. Hakuacha. Siku hizi akileta chai asubuhi husema hii ni kaimu chai, ya kuthibitishwa bado inachemka.

7. Kwamba hali hii imefika hadi ukweni. Mama mkwe wangu anasikiliza redio, na redioni kila anayehojiwa ni kaimu wa kitu fulani, kwa hiyo anaamini Kaimu ni cheo kikubwa kuliko Mkuu. Anawatangazia majirani, "Mkwe wangu ni Kaimu, Mkuu yuko chini yake." Nimeshindwa kumsahihisha. Kila nikianza namwona alivyonyoosha shingo kwa fahari, nabadilisha mazungumzo. Lakini siku akijua, mimi uso huu nitauficha wapi?

Baada ya kuyaweka hayo mbele yako, naomba sasa nijenge hoja yangu taratibu, ili isidhaniwe nimeandika kwa hasira. Hasira ninazo, ila nimeandika nazo zikiwa zimekaa pembeni.

Kaimu seva amegoma kwa sababu hana namba yake. Mashine isiyo na damu imekataa kabisa kuamka kufanya kazi kwa kitambulisho cha mwingine, na shirika zima limeipigia magoti: imeletewa fundi, imefunguliwa milango, imewekewa kiyoyozi. Mimi mwenye damu nimeamka kila siku kufanya jambo lile lile ambalo mashine imelikataa, na nimepewa onyo. Kwa hiyo ama mashine ina haki na mimi nina haki, ama sote wawili hatuna, na aliyeninyima haki hiyo anifafanulie kwa maandishi tofauti yangu na ile seva, ukiacha ile feni.

Nikiendelea mbele kidogo: Kaimu Mhasibu yupo hivyo hivyo kama mimi. Kaimu Mkuu wa Usafirishaji yupo hivyo hivyo. Mlinzi wa getini anakaa pale badala ya kaka yake, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye sare. Sote tukifuata mfano wa mwenzetu wa chumba cha pili, jengo litabaki na wewe peke yako, na hata wewe, nasema hili kwa nia njema, kibao cha mlango wako kimetundikiwa kalenda upande wa kushoto, na wanaofanya usafi wanasema chini ya ile kalenda kuna neno fupi lenye herufi tano. Sitalitaja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa adabu:

Kwanza, Kaimu seva apewe namba yake mwenyewe, na mimi nipewe yangu siku hiyo hiyo, ili asije mmoja wetu akamwonea mwenzake wivu.

Pili, sote wawili tuthibitishwe kazini. Barua ya seva inaweza kubandikwa ubavuni mwake. Yangu naomba niisomewe mbele ya watu, mama mkwe akiwepo, ila lile neno Kaimu lisikike kidogo mwanzoni.

Tatu, mpaka hayo yatakapotimia, mtu yeyote asithubutu kumlazimisha Kaimu kuanza, kumzima wala kumwasha. Wakaguzi wakifika, waelezwe ukweli kwamba amegoma, wapelekwe wamsikilize. Feni yake ina sauti ya mtu mwenye hoja.

Nne, ile saa ya ukutani. Hapana, hiyo mwachieni mzee.

Naamini utalitazama jambo hili kwa jicho la haki. Nimefanya kazi chini ya ofisi yako bila kukutia doa, na sijawahi kukuomba kitu kisicho chako kutoa. Nikikosa nafasi hii sitakufa, nitarudi dirishani nitapokea barua kama zamani. Lakini nitakuwa nimefanya miaka yangu bora nikiwa mtu mwingine, na hilo linanikosesha usingizi kuliko cheo chenyewe.

Nisalimie Naibu wako, katibu muhtasi wako anayenijibu kwa kichwa bila kufungua mdomo, wote wa ghorofa ya juu, na mama wa nyumbani kwako. Mzee Muhuri akipita kuchukua zawadi nyingine, msalimieni pia, mwambieni wasaidizi wake hawajambo.

Wako katika utumishi, kwa namba ya mwingine,

Kaimu Mkuu wa Masjala

Nakala: Sijatoa. Nakala za jengo hili haziamki.

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, kabla sijaifunga bahasha, yametokea mambo ambayo uaminifu wangu hauniruhusu kukuficha.

Zima-Washa amepita. Amefuta namba ya Kaimu, akamwandikia nyingine, akamzima, akamwasha. Kaimu ameanza kazi. Hakuomba barua ya uthibitisho, hakuuliza kuhusu mimi, wala hakugeuka nyuma. Ananakili kwa kasi kama mtu aliyekuwa na njaa, na fundi anasema kabla jua halijazama atakuwa amemfikia Mkuu. Kwa hiyo lile neno mgomo naomba ulifute popote lilipo.

Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshachangamka, fundi akanitengenezea na mimi namba yangu, kwa idhini ya simu kutoka ofisi yako. Nashukuru. Nilipoingia kwa mara ya kwanza kwa jina langu, nililisoma mara mbili. Mfumo ukanikaribisha vizuri sana, ukaniita mwajiriwa mpya, ukaniweka kwenye kipindi cha majaribio, na kunitaarifu kwamba nitathibitishwa iwapo nitapendekezwa na Mkuu wa Masjala.

Mkuu wa Masjala, kwa mujibu wa mfumo, ni ile namba ya mzee, na neno lake la siri ninalo mimi peke yangu. Kwa hiyo nikatoka kwangu, nikaingia kwake, nikakuta ombi la mwajiriwa mpya linanisubiri.

Ningeweza kujipendelea, nani angejua. Lakini tangu nikae kwenye kiti hiki sijampitisha mtu kwa kujuana, na vijana niliowakatalia hapa wananikumbuka. Nililipitia jalada lake kwa haki, ukurasa kwa ukurasa. Hajawahi kupata jalada lililopotea. Hajabuni kitu. Kazi aliyoifanya hapa hakuna hata moja yenye jina lake, na ukiondoa onyo moja la kuomba ruhusa ovyo, jalada ni tupu. Kwa masikitiko, sikumpendekeza.

Tafadhali barua hii usiifanyie kazi. Nimeelekeza mwajiriwa mpya apelekwe dirishani kupokea barua, ajifunze kwanza.